Kuwaandaa Wasichana kwa Chuo Kisichowapokea: Historia ya Namagunga, Uganda

Utangulizi

Mwaka 1942, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, masista Wafransisko nchini Uganda walianzisha shule ya sekondari ya wasichana waliyoiita Mount Saint Mary's College. Shule hiyo ilianzia Nsuube, kisha ikahamia Namagunga, kando ya barabara kuu iendayo Jinja kutoka Kampala, karibu na mji wa Lugazi na mashamba yake ya miwa. Kwa sababu hiyo watu wengi huiita Namagunga tu, na kila mwenye binti anayesoma darasa la saba nchini Uganda analijua jina hilo.

Neno "College" lililomo katika jina la shule hii linastahili kutufikirisha. Katika mwaka huo wa 1942, chuo kilichokuwa juu ya vyote katika Afrika Mashariki kilikuwa Makerere. Makerere hiyo haikuwa na mwanafunzi wa kike hata mmoja. Kaulimbiu yake ya Kiingereza ilikuwa na maana ya "Na tuwe wanaume". Mlango wake ulifunguliwa kwa wanawake mwaka 1945, yaani miaka mitatu baada ya masista kuanza kazi yao. Basi swali la insha hii ni hili: kwa nini mtu aanze kuwaandaa wasichana kwa ajili ya chuo ambacho bado hakiwapokei?

Nitajaribu kuonyesha kwamba jambo hilo halikuwa ajali. Mwanzilishi wa shule, Mama Kevin, alikuwa na desturi ya kuwaandaa watu kwanza na kuiachia sheria ije nyuma. Alifanya hivyo kwa wakunga, akafanya hivyo kwa watawa wa Kiafrika, na mwishowe akafanya hivyo kwa wanafunzi. Mwisho wa insha nitauliza kama desturi hiyo bado inaendelea, kwa kuwa shule iliyowahi kutangulia wakati wake inaweza pia, ikisifiwa sana, kugeuka kuwa mlango mwingine uliofungwa.

Kwa nini masista walikuja

Ili kuielewa Namagunga, ni lazima turudi nyuma kidogo hadi kwenye ugomvi wa dini katika Buganda. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika katika ikulu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1877. Mapadre Weupe, ambao walikuwa Wafaransa, walifika mwaka 1879. Muda si muda wafuasi wa pande hizo mbili waligeuka kuwa makundi ya kisiasa. Mkatoliki aliitwa Mfaransa na Mprotestanti aliitwa Mwingereza, hata kama mtu mwenyewe alikuwa Mganda asiyewahi kuiona Ulaya. Mwaka 1892 makundi hayo yalipigana Mengo, na upande wa Kiprotestanti ukashinda kwa msaada wa Kapteni Lugard na bunduki za kampuni ya Kiingereza.

Baada ya vita hivyo Kanisa Katoliki lilitafuta njia ya kuonyesha kwamba Ukatoliki haukuwa dini ya Wafaransa peke yao. Mwaka 1894 sehemu ya mashariki ya nchi ilitengwa na kufanywa vikarieti mpya ya Nile ya Juu, ikakabidhiwa kwa wamisionari wa Mill Hill, shirika lenye makao yake London. Wa kwanza walifika mwaka 1895 wakiongozwa na Askofu Henry Hanlon, na kituo chao kikuu kikawa kilima cha Nsambya.

Mapadre hao waligundua mapema kwamba kazi yao ilikuwa na pengo. Waliweza kufungua shule ya wavulana, na mwaka 1902 walianzisha Namilyango College. Kuwafikia wanawake kulihitaji wanawake. Kwa hiyo Hanlon aliomba msaada kwa masista Wafransisko wa Abasia ya Mtakatifu Maria, ambao nao walikuwa Mill Hill. Sita kati yao waliondoka London Desemba 1902. Reli ya Uganda ilikuwa imefika kwenye ziwa mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Tarehe 15 Januari 1903 walifika Nsambya. Mmoja wao aliitwa Sista Mary Kevin.

Kazi iliyoanza chini ya mwembe

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Teresa Kearney. Alizaliwa mwaka 1875 katika wilaya ya Wicklow huko Ayalandi. Baba yake alifariki kabla yeye hajazaliwa, na mama yake alifariki akiwa na umri wa miaka kumi, akalelewa na bibi yake. Alipata mafunzo ya ualimu msaidizi kabla ya kuingia utawa mwaka 1895. Nataja mambo haya kwa sababu yanasaidia kuelewa kazi yake. Huyu hakuwa binti wa tajiri aliyekuja kugawa alichobakiza. Alikuwa yatima kutoka nchi ambayo yenyewe ilitawaliwa na Waingereza, na alichokuwa nacho alikipata kwa kusoma.

Siku chache baada ya kufika Nsambya, masista walifungua zahanati ya bure chini ya mwembe. Mti huo umekuwa sehemu ya simulizi zote zinazohusu maisha yake. Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele, na lele ya kazi hii ilikuwa kusafisha vidonda, kugawa dawa na kufundisha watoto kusoma. Wakati ulikuwa mgumu. Ugonjwa wa malale ulikuwa ukienea kandokando ya ziwa, na katika miaka ya mwanzo ya karne hiyo uliua zaidi ya watu 200,000 katika Busoga na Buganda. Mwaka 1910 Kevin akawa mkuu wa masista wenzake, na tangu hapo Waganda wakamwita Mama Kevina.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilileta kazi nyingine. Nsambya ikawa mahali pa kuwatibu wapagazi wa jeshi, wale ambao jina lao la Kiingereza limebaki hadi leo katika mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam. Wapagazi hawa walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa njaa na magonjwa kuliko kwa risasi. Baada ya vita serikali ya Kiingereza ilimpa Mama Kevin nishani ya MBE. Kwake yeye somo kubwa la miaka hiyo lilikuwa jingine: wagonjwa walikuwa wengi mno, na wenye ujuzi walikuwa wachache mno. Masista wa kutoka Ulaya wasingetosha hata kama wangeongezwa mara kumi. Ilibidi wenyeji wenyewe wafundishwe.

Kutangulia sheria: wakunga na watawa

Hapa ndipo tunapoanza kuona desturi niliyoitaja. Katika miaka ile, sheria ya Kanisa iliwazuia watawa kufanya kazi ya ukunga. Ilionekana kwamba mwanamke aliyeweka nadhiri ya useja hapaswi kuwapo mahali pa kujifungulia. Katika nchi ambayo akina mama na watoto wachanga wengi walikufa wakati wa uzazi, katazo hilo lilikuwa zito. Mama Kevin hakusubiri Roma ibadili mawazo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, akishirikiana na Evelyn Connolly, daktari aliyekuwa mlei na hivyo hakufungwa na katazo lile, alianzisha shule ya wauguzi na wakunga Nsambya. Wakati huohuo aliendelea kudai ruhusa kwa ajili ya watawa. Ruhusa hiyo ilitoka Roma mwaka 1936. Kufikia siku hiyo, Nsambya ilikuwa na zaidi ya miaka kumi ya kuwafundisha wasichana wa Uganda kazi ambayo masista wenyewe hawakuruhusiwa kuifanya.

Hatua ya pili ilikuwa mwaka 1923. Mwaka huo Mama Kevin alianzisha shirika la watawa wa Kiafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, akianza na wasichana wanane. Makao yao yakawa Nkokonjeru. Kwa msomaji wa leo jambo hili laweza kuonekana la kawaida, lakini tukumbuke mazingira yake. Katika jamii ya Buganda msichana kukataa kuolewa lilikuwa jambo lisiloeleweka. Wazazi walipoteza mahari na wajukuu, na ukoo ulipoteza kizazi. Wapo Wazungu pia waliotilia shaka kama msichana wa Kiafrika angeweza maisha hayo. Kutoka kwa wale wanane lilikua shirika linalofanya kazi Uganda, Kenya na Tanzania. Walisimamia shule, hospitali, na vituo vya wagonjwa wa ukoma vya Nyenga na Buluba vilivyofunguliwa katika miaka ya 1930.

Kwa maoni yangu, watawa hawa ni sehemu ya historia ya Namagunga kuliko inavyosemwa kwa kawaida. Kabla ya kuwapo kwa msichana wa sekondari, walikuwapo wanawake wa Kiafrika waliokuwa wakiishi kwa kazi zao za kichwa na mikono, wakiongoza taasisi, bila mume wa kuwasemea. Msichana wa kijijini aliyemwona sista Mganda akiandika katika daftari la zahanati alikuwa ameona kitu ambacho mama yake hakuwahi kukiona.

Elimu ya wasichana kabla ya 1942

Haitakuwa haki kuwachora wamisionari kana kwamba wote walitaka kumkomboa mwanamke. Elimu ya wasichana ya miaka ya mwanzo, kwa Wakatoliki na kwa Waprotestanti, ilikuwa na lengo la wazi: kupata wake wanaofaa kwa wanaume waliosoma. Gayaza, iliyoanzishwa na CMS mwaka 1905, ililenga kwanza mabinti wa machifu, na ratiba yake ilikuwa na jembe na sindano pamoja na kitabu. Shule za Kikatoliki hazikutofautiana sana. Dini, usafi, ushonaji, mapishi na malezi ya watoto vilichukua sehemu kubwa ya siku. Mkristo msomi alihitaji nyumba ya Kikristo, na nyumba ya Kikristo ilihitaji mke aliyefundishwa.

Serikali ya kikoloni nayo haikuwa na haraka. Hadi miaka ya 1920 iliziachia misheni karibu elimu yote. Tume ya Phelps-Stokes ilipopita Afrika Mashariki mwaka 1924 ilihimiza elimu iliyofungamana na kilimo na maisha ya kijijini, na idara ya elimu ya Uganda ikaanzishwa mwaka 1925. Makerere yenyewe ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wavulana 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Tume ya De La Warr ya mwaka 1937 ndiyo iliyopendekeza ipandishwe na kuwa chuo cha juu cha Afrika Mashariki nzima. Kuanzia hapo ngazi ya elimu ilikuwa na kilele kinachoonekana. Mvulana wa Namilyango, Kisubi au Budo alijua anaelekea wapi. Dada yake hakuwa na ngazi hiyo.

Mwaka 1942 na maana yake

Namagunga ilizaliwa katika pengo hilo. Na haikuwa peke yake: mwaka huohuo wa 1942 Masista Weupe walianzisha Trinity College Nabbingo, upande wa magharibi wa Kampala. Shule mbili za Kikatoliki za wasichana, katika mwaka mmoja, katika nchi moja, na zote mbili zikaitwa "College". Naona sababu mbili. Ya kwanza ni ushindani wa madhehebu. Waprotestanti walikuwa na Gayaza, na Budo ilikuwa imeanza kupokea wasichana. Wakatoliki wasingekubali kuachwa nyuma. Ya pili ni mgawanyo wa maeneo kati ya Mill Hill na Mapadre Weupe, uliofanya kila upande ujenge shule yake. Ugomvi ule wa zamani wa Mengo, uliowaumiza watu wengi, kwa njia hii uliwazalia wasichana shule mbili badala ya moja.

Lakini ushindani haulezi kila kitu. Ingewezekana kushindana kwa kujenga shule kubwa zaidi ya mapishi. Waanzilishi wa Namagunga walichagua njia ya masomo ya sekondari, kwa Kiingereza, yenye kuelekea kwenye mitihani ileile ambayo wavulana waliifanya. Huo ulikuwa uamuzi mzito. Mtihani wa Cambridge haukuwa na karatasi ya wasichana na karatasi ya wavulana. Msichana aliyefaulu alikuwa amefaulu kwa kipimo kilekile, na hapo ikawa vigumu kumwambia kwamba hana sifa ya kuendelea. Angebaki kuambiwa tu kwamba ni mwanamke, na sababu hiyo, ikitajwa peke yake mbele ya cheti, huonekana jinsi ilivyo.

Sidai kwamba Mama Kevin alitabiri mwaka 1945. Nadai kwamba alikuwa ameshaona mara mbili, kwa wakunga na kwa watawa wa Kiafrika, kwamba katazo hudhoofika linapokutana na watu walio tayari. Lisipokutana na mtu yeyote linaweza kudumu miaka mia.

Mlango wafunguliwa nusu

Mwaka 1945 Makerere ilipokea wanawake sita. Kaulimbiu ya zamani haikuweza kukaa mbele yao, ikabadilishwa kuwa ile tunayoijua leo yenye maana ya "Tunajenga kwa ajili ya siku zijazo". Wengi huishia hapo wanaposimulia habari hii, kana kwamba siku ile tatizo lilikwisha. Kuingia getini ni jambo moja na kuingia darasani ni jambo jingine. Inasimuliwa kuhusu Sarah Ntiro, mmoja wa wanafunzi wa kike wa miaka hiyo ya mwanzo, kwamba alitaka kusoma hisabati, na mwalimu wa hisabati akakataa kufundisha yeye akiwamo darasani. Akasoma masomo mengine. Baadaye alikwenda Oxford na kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu. Ntiro alisoma Budo, hakuwa wa Namagunga. Kisa chake kinaeleza hata hivyo ni mazingira gani yaliyowangoja wote.

Kwa hiyo sayansi ndiyo iliyokuwa mtihani wa kweli. Mwanamke kusomea ualimu kulivumilika. Mwanamke kusomea udaktari kulihitaji fizikia, kemia na biolojia, pamoja na moyo mgumu. Ni jambo la kufurahisha basi kwamba mwanamke wa kwanza Mwafrika wa Afrika Mashariki kuhitimu udaktari, Josephine Nambooze, alipita Namagunga. Alihitimu Makerere mwaka 1959. Hakuishia hospitalini tu. Alijishughulisha na afya ya jamii, hasa ya mama na mtoto, akafundisha Makerere na kufikia uprofesa. Tukiweka miaka pamoja, picha inakuwa wazi. Kutoka 1942 hadi 1959 ni miaka 17. Kwa muda huo mfupi, nchi ambayo haikuwa na sekondari ya Kikatoliki ya wasichana ilimpata mwanamke daktari.

Wengine walifuata. Specioza Wandira Kazibwe, aliyesoma Namagunga kisha udaktari Makerere, alikuwa Makamu wa Rais wa Uganda kuanzia mwaka 1994 hadi 2003. Winnie Byanyima, naye wa Namagunga, alisomea uhandisi wa ndege Uingereza, akawa mbunge, akaongoza shirika la Oxfam na tangu 2019 anaongoza UNAIDS. Daktari, makamu wa rais na mhandisi wa ndege: hakuna hata mmoja kati yao anayefanana na yule mke mwema aliyekusudiwa na ratiba za mwanzo.

Mama Kevin mwenyewe aliyaona machache kati ya haya. Mwaka 1952 masista wake walitengwa rasmi kuwa shirika jipya, Masista Wamisionari Wafransisko wa Afrika, naye akawa mkuu wao wa kwanza. Alifariki Marekani, katika jimbo la Massachusetts, Oktoba 1957. Mwili ulipelekwa Ayalandi kuzikwa, lakini Wakatoliki wa Uganda waliomba urudishwe kwao, na Desemba mwaka huo alizikwa Nkokonjeru, kwa wale watawa aliowaanzisha. Mwaka 2016 Jimbo la Lugazi lilifungua mchakato wa kumtangaza mtakatifu. Pengine heshima kubwa zaidi waliyompa watu ni ya lugha: katika Luganda jina "Kevina" lilifikia kumaanisha hospitali au nyumba ya huruma.

Neno kuhusu lugha

Sisi tunaosoma Kiswahili nchini Uganda hatuwezi kupita hapa bila kusema jambo moja. Katika historia yote hii Kiswahili kinaonekana kambini na njiani, kwa wapagazi na askari, na hakionekani darasani. Sababu zake zinajulikana. Katika miaka ya 1920 serikali ilipotaka kukipa nafasi kubwa shuleni, Kabaka Daudi Chwa alipinga kwa maandishi mwaka 1929, na maaskofu wa madhehebu yote mawili walikuwa upande wa wapingaji. Walihofia Luganda, na wengine walikiona Kiswahili kuwa lugha ya Uislamu au ya kambi. Hivyo msichana wa shule ya misheni alipanda ngazi kwa Luganda na Kiingereza. Kiswahili kikabaki lugha ya askari, na baadaye, katika miaka ya utawala wa kijeshi, wanawake wengi walikisikia mara ya kwanza kwenye kizuizi cha barabarani.

Sisemi hivi kuwalaumu masista. Nasema kwa sababu taasisi zinazofungua mlango mmoja mara nyingi hufunga mwingine bila kukusudia. Msichana aliyeandaliwa kwa ajili ya Makerere aliandaliwa kuzungumza na London kuliko kuzungumza na Tabora au Mombasa. Leo tunapojaribu kuirudisha lugha hii katika shule za Uganda, tunafanya kazi iliyoahirishwa tangu wakati ule.

Mlango wa leo

Baada ya uhuru wa mwaka 1962 serikali ilichukua usimamizi wa shule za misheni, huku Kanisa likibaki na heshima na sauti ya mwanzilishi. Namagunga iliendelea kuwa shule ya bweni ya wasichana, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha sita, na iliendelea kupeleka wanafunzi chuo kikuu. Mwaka 1990 serikali iliamua kuwaongezea wasichana alama 1.5 wanapoomba nafasi katika vyuo vikuu vya umma. Uamuzi huo uliongeza idadi ya wanawake Makerere kwa kiasi kikubwa. Lakini wakosoaji wake walisema jambo ambalo si rahisi kulijibu: wengi walionufaika walitoka katika shule chache zenye sifa, ambazo Namagunga ni mojawapo. Msichana wa shule ya kutwa huko Karamoja au Kisoro hakuwa na alama za kuongezewa 1.5 juu yake.

Elimu ya msingi kwa wote ilianza mwaka 1997, na ya sekondari mwaka 2007. Mipango hiyo iliegemea zaidi shule za kutwa, huku shule kongwe za bweni zikiendelea kutoza karo. Matokeo yake tunayaona. Ili kuingia Namagunga binti anahitaji alama za juu sana katika mtihani wa darasa la saba, na alama hizo hupatikana kwa urahisi zaidi katika shule za msingi za kulipia. Kisha anahitaji karo. Zahanati iliyokuwa chini ya mwembe ilikuwa ya bure, na hakuna aliyeulizwa alama.

Mtu anaweza kujibu kwamba shule nzuri ina gharama, na kwamba ikishusha vigezo haitabaki nzuri. Jibu hilo lina ukweli. Hata hivyo, historia yenyewe ya shule inalipinga kidogo. Waanzilishi hawakuanza na wasichana ambao tayari dunia iliwakubali. Walianza na wale ambao hakuna aliyekuwa akiwatarajia, wakawapa kipimo kilekile cha juu, wakawafikisha.

Hitimisho

Insha hii imejaribu kuonyesha kwamba kuanzishwa kwa Namagunga mwaka 1942, miaka mitatu kabla ya Makerere kuwapokea wanawake, kulifuata njia ambayo Mama Kevin alikuwa amekwisha kuipita: wakunga kabla ya ruhusa ya 1936, watawa wa Kiafrika kabla ya jamii kuwaelewa, na wanafunzi kabla ya chuo kuwafungulia. Tumeona pia kwamba sababu hazikuwa safi zote. Ushindani wa madhehebu ulikuwamo, na wazo la kupata wake wema lilikuwamo. Matokeo yaliwashinda waanzilishi wenyewe.

Kwa hiyo naona kwamba swali linalofaa kuulizwa kuhusu shule kama hii halihusu tu wahitimu wake mashuhuri, ambao majina yao tunayajua. Linahusu msichana ambaye leo yuko mahali walipokuwa wasichana wa Nsuube kabla ya 1942: ana akili, na hakuna ngazi inayomfikia. Pengine ni yule aliyeacha shule kwa kukosa karo, au aliyepata mimba akiwa kidato cha pili, au anayesoma katika shule isiyo na maabara. Mlango wake bado haujafunguliwa. Anayetaka kumuenzi Mama Kevin angeanza kumwandaa sasa, kabla ya ruhusa kutoka.